KAANDIKA EXIT MARA YA PILI! Mnamjua, sitaji jina

MtunzaPaipu
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikirukaruka mnisamehe. Yule bwana. Yule yule. Yule wa "hebu pisha kidogo, nicheki kitu kimoja tu", ambaye hajawahi kuinuka kwenye kompyuta ya mtu bila kuacha msiba.

Nilikuwa na kazi yangu kwenye seva tangu alfajiri, paipu ya amri nne, kila moja inapitisha towe lake kwa inayofuata: zcat inamwaga logi za mwaka mzima, grep inachuja, sort inapanga, uniq -c inahesabu. Inakwenda vizuri. Akaja yeye MWENYEWE kulia kwamba seva nzito. Kwa heshima zote nikabonyeza Ctrl-Z, ya kusimamisha kazi kwa muda, ili apumue. Na Ctrl-Z ina adabu zake: paipu nzima ni kundi moja la michakato, kwa hiyo wote wanne wanapigwa SIGTSTP, ishara ya kusimama, kwa mpigo mmoja na kulala walipo. Hakipotei kitu. Ukiandika fg wanaamka na kuendelea walipoishia.

Nikatoka kidogo. Narudi, niko mlangoni, namwona amekalia kiti changu. Kaandika exit, amri ya kufunga sheli, ile programu inayopokea amri zako (yangu ni bash). Sheli ikagoma! Ikamwandikia wazi kabisa: "There are stopped jobs", yaani kuna kazi zilizosimama. Programu isiyo na macho wala moyo imenionea huruma mimi nisiyekuwepo. Yeye akafanyaje?

AKAANDIKA EXIT TENA.

Wakuu, bash ukirudia exit papo hapo haikubembelezi, inaziua kazi zilizosimama na kuondoka. Angeandika hata ls hapo katikati, ingemwonya upya. ls tu! Herufi mbili! Hapana. Kachagua zile nne. Na sort nayo kwa ustaarabu wake, kabla ya kukata roho ikafagia mafaili yake yote ya muda kule /tmp. Hata maiti ya kuzika sikupewa.

Namuuliza kulikoni, ananijibu bila kugeuza shingo: "Si ilikuwa imesimama? Kazi iliyosimama inakusaidia nini?"

ILISIMAMA KWA AJILI YAKO WEWE!

Ctrl-Z iko kwenye csh ya BSD tangu 4BSD ya 1980. Amepewa zaidi ya miaka 40 ajifunze. Onyo limetoka, analiangalia, anaandika exit tena.

nohup_baba
Pole mkuu. Ila kazi ya kutwa nzima unaiachaje uchi kwenye terminali? tmux, inayoiweka kazi hai hata ukitoka, uliiwekea nani? Na skrini hukufunga kwa nini?

MtunzaPaipu
Nimekuja kulia, sijaja darasani. ONYO LILITOKA. Akaandika exit tena.

kimya_kimya
Ungepiga disown tu mkuu, sheli ingeisahau na kazi ingebaki salama.

MzeeWaKeneli
@kimya_kimya acha kupotosha vijana. disown kwenye kazi ILIYOSIMAMA? Sheli ikifa kundi linabaki yatima, na keneli, kiini cha mfumo, ikikuta kundi yatima lina mchakato uliosimama inalipiga SIGHUP (ishara ya kufa) halafu SIGCONT (ya kuamka). Yaani unaamshwa ili usikie habari za kifo chako. Kwanza bg iendelee kwa nyuma, towe iende kwenye faili, ndipo uje na disown yako. Au nohup tangu mwanzo, isiisikie SIGHUP.

kimya_kimya
Sawa mzee, shikamoo.

FailiLaBaiti20
OP, wako angalau alipewa onyo akalipuuza. Wangu mimi kaandika skripti ya bakapu, pg_dump, inayotoa nakala ya hifadhidata, inaingia gzip. pg_dump inakufa mlangoni kwa kukosa nenosiri, gzip inakandamiza hewa tupu na kurudisha 0, yaani imefaulu, maana hali ya paipu ni ya amri ya mwisho tu. Kila usiku barua pepe inaingia: "Bakapu imefaulu." Nafungua folda, mafaili yote baiti 20, yamepangwa kwa tarehe kama makaburi. Namwambia weka set -o pipefail, paipu ihesabiwe imeshindwa amri yoyote ikishindwa, ananijibu "sifuri ni sifuri".

MtunzaPaipu
Pole, ila wako hakuandika exit mara mbili.

141_Daima
Hiyo pipefail msiimeze kichwa kichwa. Mimi nilibandikiwa pamoja na set -e, inayoua skripti amri ikishindwa, mahali penye sort | head -1. head akishapata mstari wake anafunga mlango, sort akiendelea kuandika anakula SIGPIPE, ishara ya paipu iliyofungwa, 128 jumlisha namba yake 13, unapata 141 na skripti inajifia. Faili likiwa dogo inapita, likikua inakufa. Aliyeiweka anasema "kwangu inafanya kazi". Faili lake la majaribio lina mistari mitano!

nohup_baba
Hahahaha kumbe tunafanya kazi na mtu mmoja.

grep_bubu
Mimi wangu ni yule wa tail -f, inayofuatilia logi ikiandikwa, ikipita grep mbili. Akikaa kidogo haoni kitu anasema huduma imekufa, anaiwasha upya mchana kweupe. Haijafa! grep ya kwanza inajaza bafa kabla ya kupitisha. --line-buffered, ipitishe kila mstari, bwana!

MtunzaPaipu
Jamani mada. EXIT. TENA.

kaunta_ni_0
Swali nje ya mada: kwa nini nikipitisha faili kwa paipu kwenye while read, kitanzi cha kusoma mstari mmoja mmoja, kaunta ikitoka nje ya kitanzi inasema 0?

ZshMilele
Kwa sababu unatumia bash. Inatupa kila kipande cha paipu kwenye sheli ndogo, kaunta inafia humo. zsh, sheli yangu, kipande cha mwisho inakiendesha palepale ulipo. Hamia huku.

MzeeWaKeneli
ksh, sheli ya zamani, ilifanya hivyo kabla zsh yako haijazaliwa.

141_Daima
bash nayo ina shopt -s lastpipe, inafanya hivyo hivyo.

kaunta_ni_0
Nimeijaribu kwenye terminali, bado 0.

141_Daima
Inakubali pale tu udhibiti wa kazi, ule wa Ctrl-Z na fg, ukiwa umezimwa. Kwenye skripti huwa umezimwa, kwenye terminali umewashwa. Piga set +m kwanza.

MtunzaPaipu
Ndiyo huo huo udhibiti wa kazi uliotoa ONYO akaandi

ZshMilele
Yaani unazima Ctrl-Z nzima ili kuhesabu mistari? Na bado mnaitetea bash?

nohup_baba
done < faili, kitanzi kisome faili bila paipu, ubishi umekwisha.

kaunta_ni_0
Na kama mistari inatoka kwenye amri?

nohup_baba
done < <(amri)

kaunta_ni_0
Inanipa kosa la sintaksia.

MzeeWaKeneli
Mstari wa kwanza wa skripti yako umeandika nini? Ukiniambia #!/bin/sh, yaani sh badala ya bash, natoka.