Naomba ushauri: vitenzi vya Kihispania, nishike nyakati zipi kwanza?

Wakuu, salaam. Nipo Mwanza, natembeza wageni Saanane na Serengeti kupitia geti la Ndabaka. Napata Wahispania na Wameksiko, hivyo najifunza lugha yao mwenyewe kwa simu.

Wakati uliopo wa hablar (kusema) sina shida nao: hablo, hablas, habla, hablamos, hablan. Kasheshe ni wakati uliopita, maana wanao wa aina mbili. Hablé ni nilisema, yakaisha. Hablaba ni nilikuwa nikisema, au nilizoea kusema. Nikimsimulia mgeni habari za simba wa jana nachanganya zote. Halafu hablo na habló zinatofautiana kwa mkazo tu: ya kwanza nasema, ya pili alisema!

Cha ajabu, dhamira tegemezi (umbo la kitenzi la kutaka au kuomba jambo lifanyike) imeniingia haraka. Sisi asema huwa aseme, wao habla huwa hable. Ila vitenzi vya -er na -ir hugeuka kinyume: come (anakula) huwa coma.

Sasa wenye uzoefu, hasa mliosoma bila mwalimu: nimalize jedwali zima la kitenzi kimoja, au nichukue wakati mmoja nipitishe vitenzi vingi? Na habláis, ya "ninyi" wa Hispania, niishike sasa au ustedes hablan ya Wameksiko itanitosha kote? Hablara na hablase (dhamira tegemezi ya wakati uliopita) naona zina maana ileile. Mnatumia ipi mkiongea?

Kama kuna mtu hapa Mwanza wa kufanya naye mazoezi ya kuongea jioni, aseme.