Git inamaliza RAM ya seva, gc haifiki mwisho. Msaada wakuu

kipanya_mkavu
Wakuu, habari. Nina seva ndogo, RAM GB 2, viini 4. Inahifadhi ripo ya timu (hazina ya Git, programu ya kutunza matoleo ya faili): kodi kidogo, PSD (faili za Photoshop) na video kibao. `git gc` (usafi wa kubana ripo) ikianza tu, RAM inapanda hadi juu, seva inaganda, kisha natupiwa hii:

`error: pack-objects died of signal 9`

Kuongeza RAM kwa sasa haiwezekani. Naibanaje Git itumie kidogo?

babu_terminali
Hiyo 9 ni kernel (moyo wa mfumo endeshi) imeiua baada ya RAM kuisha, piga `dmesg` utaona. Git ikifunga paki (faili kubwa la vitu vilivyobanwa, kazi ya pack-objects) hulinganisha faili zinazokaribiana ili ihifadhi tofauti tu. Kwa kawaida dirisha lake hushika vitu 10 kwa mpigo, vyote vikiwa vimefumuliwa, na kila uzi (thread, kazi inayokwenda sambamba na nyingine) una dirisha lake. Usipoiambia kitu, idadi ya nyuzi inafuata viini. Piga hesabu: PSD za MB 80, mara 10, mara 4. GB 3 na ushee hizo! Anza hivi:

`git config pack.threads 1`
`git config pack.windowMemory 100m`
`git config pack.deltaCacheSize 32m`

Angalizo: windowMemory ni ya kila uzi, si ya jumla. Watu huweka 1g kwenye nyuzi 8 halafu wanashangaa.

mzee_wa_swap
Weka swap (nafasi ya diski ya kusaidia RAM) GB 4 ukalale.

babu_terminali
@mzee_wa_swap haitauawa, sawa, lakini itasaga diski hadi asubuhi. Swap iwe ya akiba tu.

dada_kodi
Babu yuko sahihi, ila mimi ningeanzia kwenye faili zenyewe. Video imeshabanwa, kuitafutia tofauti ni kazi bure. `core.bigFileThreshold` huja ikiwa MB 512, kwa hiyo faili zako nyingi hazifiki hata huko. Ishushe:

`git config core.bigFileThreshold 20m`

Yoyote inayozidi hapo Git haiilinganishi na nyingine. Diski itajaa haraka zaidi, hilo ulijue mapema. Kwa video ndogondogo andika `*.mp4 -delta` kwenye `info/attributes` ndani ya ripo ya seva.

kipanya_mkavu
Asanteni sana, gc imemaliza na RAM haikugusa hata nusu. Swali la mwisho: mtu mpya akinakili ripo nzima, si yatajirudia?

dada_kodi
pack-objects ndiyo ile ile inayofanya kazi hapo, kwa hiyo mipaka uliyoweka inaibana pia. Ukitaka nafuu zaidi, washa `uploadpack.allowFilter` kwenye seva, wao watumie `git clone --filter=blob:none`. Wataletewa historia, na matoleo ya zamani ya faili yatakuja pale tu yatakapohitajika.

Na usidanganyike na `gc --aggressive` kwenye mashine hiyo. Dirisha linatoka 10 linakwenda 250.