Mrejesho: pampu ya mafuta ndani ya tangi la M35A2

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini lori langu la zamani la jeshi, M35A2, linaishiwa nguvu likipanda mlima, na ule mvumo wa pampu tangini hausikiki nikiwasha swichi. Mlionishauri nipime umeme kabla ya kununua chochote, asanteni sana. Waya ulikuwa unaleta volti 24 kamili, pampu kimya. Basi, iliyokufa ni pampu yenyewe.

Nilichomoa betri, nikasafisha juu ya tangi mchanga usije ukadondokea ndani, nikafungua skrubu za mfuniko na kuitoa polepole. Chujio lake la chini lilikuwa limegandwa na tope jeusi lenye kutu, zito kama grisi. Nikilikwangua kwa kucha linabanduka vipande vipande. Kuweka pampu mpya juu ya uchafu ule ni kuiua tena, kwa hiyo nilimwaga mafuta yote na kulisuuza tangi mara tatu. Hapo ndipo siku nzima iliishia.

Gasketi mpya, filta mpya, nikatoa hewa kwenye mfumo. Mkinunua, hakikisheni pampu ni ya volti 24. Ya 12 itaungua. Jana limepanda mlima ule ule na mzigo, halikusita hata mara moja.