Mrejesho: upinde uliotupa mishale kushoto

Ahsanteni sana ndugu zangu. Niliuliza mbona upinde wangu wa shabaha (inchi 68, navuta kwa mkono wa kulia) unapeleka mishale kushoto, tena uzi unanichapa mkono.

Kuchapwa kumekwisha. Uzi wa Dacron (aina ya polyesta) ulikuwa umelegea. Kutoka kwenye uzi hadi kishikio nilipima sentimita 20 tu. Niliusokota mizunguko 20 hivi, ukafupika, sasa nafasi hiyo ni 22. Hata kelele imepungua.

Kushoto kulibaki palepale. Ndipo nikafanya lile jaribio mlilonishauri, la mita 18: mishale mitatu yenye manyoya, miwili mitupu, bila manyoya. Mitupu ilidunga shubiri nzima kushoto ya mingine, yaani ufito wa mshale ni mgumu mno, haupindi vya kutosha kwa upinde huu. Nikatoa vichwa vya greni 80 (kipimo cha uzito), nikatia vizito zaidi, vya 120, ili ufito upinde zaidi. Sasa yote inakaa pamoja, vidole vitatu hivi.

Mita 30 bado haijatulia, na kusi ikivuma alasiri ndiyo kabisa. Halafu aliyesema nigandishie manyoya kwa gundi ya viatu, samahani, mawili yamebanduka wiki ya kwanza. Unyevu wa Mombasa huu!