Promota imepanda mara tatu, au Renilla ndiyo imeshuka? Naomba ushauri

SeliNaSahani (mleta uzi)

Habari za humu, wakuu. Naomba macho yenu kabla sijampelekea msimamizi wangu grafu.

Nina kipande cha promota (sehemu ya DNA inayowasha jeni) cha besi kama 1,200. Nimekipandikiza kwenye pGL4.10 (plasmidi, yaani duara la DNA, isiyo na promota yake), nyuma yake ikafuata jeni ya lusiferasi ya kimulimuli, kimeng'enya kinachotoa mwanga. Plasmidi hiyo nimeiingiza kwenye seli za binadamu za HEK293 pamoja na nyingine yenye lusiferasi ya Renilla (mnyama wa baharini; mwanga wake unasomwa peke yake) inayoendeshwa na promota ya virusi vya CMV, kiasi sawa kwa sawa, ili kusawazisha tofauti za uingizaji kati ya kishimo na kishimo. Baadhi ya seli zilipewa dawa ninayoichunguza kwa saa 24, nyingine DMSO tu (kiyeyushi cha dawa). Nikigawa kimulimuli kwa Renilla, dawa inapandisha promota mara tatu na ushee. Vishimo vitatu kwa kila kundi, na vinakubaliana. Ila mwenzangu wa maabara kaitazama grafu, akaguna, akaondoka zake.

Anaguna nini?

Mzee wa Jeli

Weka namba ghafi hapa. Uwiano peke yake hausomeki.

SeliNaSahani

Wastani, baada ya kutoa mwanga wa seli zisizoingizwa kitu:
DMSO: kimulimuli 52,000, Renilla 310,000.
Dawa: kimulimuli 55,000, Renilla 104,000.

Mzee wa Jeli

Basi guno umeshalielewa. Kimulimuli hakijasogea. Kilichoanguka ni Renilla, hadi theluthi moja, na ukigawa kwa namba iliyoanguka jibu lazima lipande. Dawa yenyewe inafanya nini ndani ya seli?

SeliNaSahani

Inazuia njia ya NF-κB, protini inayowasha jeni nyingi.

Mzee wa Jeli

Ndiyo hiyo sasa! Promota ya CMV ina maeneo kadhaa ya kunasa NF-κB, na mengine ya CREB, protini nyingine ya aina hiyo. Ukiizima NF-κB, CMV inalegea. Umepima sukari kwa jiwe la mizani ambalo dawa inalimumunya.

Lakini usirukie upande wa pili ukasema promota yako haikuguswa. Inawezekana dawa imepunguza seli zilizo hai, au imebana uzalishaji wa protini kwa jumla, halafu promota yako ikapanda kweli na kufidia pengo. Kwa data hizi huwezi kutenganisha.

dada_pipeti

Naongezea kwa Mzee. Hata bila dawa, CMV nusu kwa nusu na plasmidi ya kupima ni balaa. Ni promota yenye nguvu mno, inanyang'anya protini za unukuzi ambazo promota yako inazihitaji. Tumia Renilla yenye promota dhaifu kama TK ya virusi vya herpes, sehemu moja kwa kimulimuli sehemu ishirini au zaidi. Nayo usiiamini kwa upofu, kuna dawa zinazoigusa TK vilevile, deksamethasoni ikiwa mojawapo. Kwanza ingiza Renilla peke yake, weka dawa, soma. Ikitulia, endelea. Isipotulia, sawazisha kwa kiasi cha protini ya kila kishimo na ukubali kelele itakayokuja nayo.

Swali: pGL4.10 tupu, isiyo na promota yako, uliipa dawa?

SeliNaSahani

Hapana. Niliiweka na DMSO tu, kuonyesha kwamba haitoi mwanga.

dada_pipeti

Inatakiwa pande zote mbili. Ikipanda na dawa, shida iko kwenye kiunzi cha plasmidi au kwenye kimeng'enya chenyewe. Kuna kemikali zinazoshika lusiferasi ya kimulimuli moja kwa moja. Resveratroli inaizuia, kwa mfano. Na kuna vizuizi vinavyofanya kinyume cha unavyotarajia: vinakishika kimeng'enya, kinachelewa kuvunjwa, kinarundikana ndani ya seli, halafu ukiweka luciferini nyingi (kemikali ambayo lusiferasi huitumia kutoa mwanga) wakati wa kusoma, mwanga unapanda. Mtu anaandika "dawa imeamsha promota" kumbe promota haikujua lolote.

Kijani509

Mimi ningeachana na vimulimuli. Weka GFP, protini inayong'aa kijani, angalia kwa darubini, hakuna kupasua seli, hakuna kununua luciferini.

dada_pipeti

Kwa kujua seli ngapi zimepokea plasmidi, sawa. Kwa kupima mabadiliko ya saa 24, sikubaliani. GFP ya kawaida nusu-uhai wake ndani ya seli ni kama saa 26, kwa hiyo promota ikizimwa leo kesho bado unaona kijani cha jana. Lusiferasi ya kimulimuli ni kama saa 3.

Kijani509

Kuna GFP zilizofungwa mkia wa PEST, zinavunjwa haraka.

dada_pipeti

Zipo, na mwanga wake unafifia kwa sababu hiyohiyo. Kwa promota dhaifu hutaona kitu.

Mzee wa Jeli

Mleta uzi, jambo jingine. Kimulimuli 52,000 ni kidogo kwa HEK293. Kipande chako kinaishia wapi? Kama kimepita ATG ya jeni yenyewe (herufi ambapo utengenezaji wa protini unaanzia), ribosomu zinaanzia hapo, na fremu (usomaji wa herufi tatu tatu) isipolingana na ya lusiferasi unapoteza sehemu kubwa ya mwanga.

SeliNaSahani

Nimefungua ramani. Kinaishia besi 14 baada ya ATG.

Mzee wa Jeli

14 haigawanyiki kwa 3. Hata hivyo usibahatishe, hesabu pamoja na besi zilizobaki kati ya eneo la kukatia na ATG ya luc2, jeni ya lusiferasi iliyo kwenye pGL4.10. Afadhali kata upya, uishie kabla ya ATG. Na ukiwa na vipande vya urefu tofauti, linganisha idadi ya molekuli, si nanogramu, kisha jaza pengo kwa plasmidi isiyo na kazi ili DNA yote iwe sawa kwenye kila kishimo.

dada_pipeti

Wakati unasubiri plasmidi mpya, chukua seli ambazo hazijaingizwa chochote, zipe dawa, upime mRNA (nakala) ya jeni halisi kwa qPCR, kipimo cha wingi wa nakala hizo. Promota iliyo kwenye kromosomu imefungwa kwenye kromatini (DNA iliyoviringwa kwenye protini), ya kwenye plasmidi haijapangwa vile. Kama jeni yenyewe haisogei, grafu ya mara tatu hata usiipeleke.