Tupeane uzoefu: baiskeli ya barabarani Toscana, kuanzia Chianti na Siena hadi Val d'Orcia

Mnyonga Pedali (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaoijua Toscana, ule mkoa wa Italia, kwa kunyonga. Picha za mizabibu tumeshiba, na hadithi za "niliamka asubuhi na mapema" ziwekeni pembeni. Leteni vitu vya kazi: gia gani, upepo kiasi gani, nini kinaharibika na kwa nini.

Naanza. Anayetazama ramani haoni mlima mrefu, basi anadhani huko ni mteremko tu. Siena iko mita 322 juu ya usawa wa bahari, Pienza 491, Montalcino 564. Shida ni kwamba miji ile ilijengwa juu ya vilima makusudi, kwa kuogopa majeshi na kwa kukimbia mabonde yenye maji yaliyotuama. Val di Chiana, upande wa mashariki, lilikuwa bwawa la malaria kwa karne nyingi kabla ya kukaushwa. Sisi hatuhitaji kuelezwa kwa nini mtu angehamia kilimani. Matokeo yake, kila mji utakaolala uko juu, na zile kilomita tatu za mwisho, miguu ikiwa imeshachoka, ndizo zenye mpando. Siku ya kilomita 90 inaweza kukupandisha mita 1,500 bila kuona mlima hata mmoja.

Meno Thelathini na Nne

Gia kwanza, ndipo wengi wanapoumia. Watu hukodi baiskeli kwa kuuliza uzito. Nusu kilo haikusaidii kitu kwenye mpando wa asilimia 16. Meno ya gia yanakusaidia.

Hesabu iko hivi. Tairi la 700 lenye upana wa mm 28 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.13. Ukiwa na meno 34 mbele na 34 nyuma, pedali zikizunguka mara 60 kwa dakika, mwendo ni km 7.7 kwa saa. Hapo mtu wa kawaida anapanda huku amekaa. Sasa weka 36 mbele na 28 nyuma: kwa mwendo uleule pedali zinashuka hadi mizunguko 47, na goti linaanza kudai haki yake. Siku ya kwanza utavumilia, siku ya tatu utasukuma.

Kwa hiyo omba kaseti, yaani rundo la gia za nyuma, ya meno 11 hadi 34. Ila fundi asikufungie kaseti akaiacha cheni ya zamani na deraila (kibadilisha gia cha nyuma) ya mguu mfupi, ambazo nyingi mwisho wake ni meno 28 au 30. Kigurudumu cha juu cha deraila kitasaga gia kubwa, na cheni ikiwa fupi, siku utakayojisahau ukaweka gia kubwa mbele na kubwa nyuma, deraila itang'oka pamoja na kishikizo chake. Jaribu kabla ya kuondoka dukani: inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono polepole, ingiza kubwa na kubwa. Mguu wa deraila ubaki na mkunjo kidogo. Ukinyooka kabisa kama kamba ya kuanikia nguo, rudisha baiskeli.

Bukoba Mjini

Mkuu, hizo barabara nyeupe wanazozisifia, strade bianche, si changarawe tu kama zetu? Kuna haja ya tairi maalumu?

Fundi Spoku

Mkuu, ni changarawe kweli, ya mawe ya chokaa juu ya udongo wa mfinyanzi, imeshindiliwa. Tofauti ni kwamba hutazikuta peke yake. Siku moja unapita lami laini ya Chiantigiana, yaani SR222 inayotoka Firenze kwenda Siena, kisha kilomita 11.5 za kipande cha Monte Sante Marie kwenye vumbi, kisha lami tena. Tairi la mlimani litakuchosha kwenye lami, na la mm 25 litakuua kwenye vumbi. Jibu ni mm 30 au 32, kama fremu inapokea.

Upepo, kwa mtu wa kilo 70: mm 28 siku ya mchanganyiko weka karibu baa 4.3 nyuma na 4.0 mbele. Mm 32, baa 3.6 na 3.3. Ukizidi hapo baiskeli inarukaruka badala ya kushika, mikono inakufa ganzi, chupa za maji zinachomoka kwenye mabano yake. Ukipunguza mno, rimu inagonga jiwe na kuibana tyubu katikati. Pancha hiyo utaijua kwa matundu yake mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona usipoteze muda kutafuta mwiba, hakuna mwiba, ongeza upepo.

Jinsi ya kupita: fuata mkondo wa magurudumu ya magari. Magari yanasukuma kokoto katikati na pembeni, hivyo ile mistari miwili ndiyo iliyoshindiliwa. Kwenye kupanda baki umekaa, ukisimama uzito unatoka gurudumu la nyuma nalo linazunguka bure. Kipande cha Le Tolfe kina kilomita moja na ushei tu, lakini kinafika asilimia 18, na aliyesimama pale huwa anamalizia kwa miguu. Kwenye kushuka, breki zote zimalizike kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Breki ya mbele ukiikamata katikati ya kona yenye kokoto, hakuna wa kukuokoa. Na usijidanganye kwamba lami ndiyo salama: mwaka 2025 Tadej Pogačar, huyuhuyu aliyetwaa ubingwa wa dunia pale Kigali Septemba ya mwaka huo, aliserereka kwenye kona ya lami katika mashindano ya Strade Bianche. Aliinuka akashinda, lakini yeye ni yeye.

Mvua ikinyesha, ule mfinyanzi wa Crete Senesi, vilima vya kusini-mashariki mwa Siena, unakuwa gundi. Unajaza nafasi kati ya tairi na uma. Kama nafasi ni chini ya mm 4 gurudumu linasimama kabisa. Siku hiyo baki kwenye lami, si aibu.

Mbigiri

Jina langu linajieleza. Mbigiri yetu hii ya mashambani iko Italia pia, mmea uleule hasa. Kuanzia Julai hadi vuli inatambaa pembeni mwa barabara na kwenye maegesho yenye mchanga. Mtu anasukuma baiskeli kwenye majani ili apige picha ya miberoshi, anatoka na miiba sita kwenye tairi moja. Ukitoka barabarani, ibebe baiskeli begani.

Tairi zisizo na tyubu zikiwa na dawa ya kuziba pancha, mililita 30 hadi 40 kila tairi, zinamaliza tatizo hilo kwa sehemu kubwa. Wenye tyubu: kabla ya kuweka mpya, geuza tairi ndani na upitishe kitambaa mzunguko mzima. Kitambaa, si kidole. Kitambaa kinanasa kwenye ncha ambayo jicho haliioni. Na kiraka kinachobanduka mara nyingi kosa si la kiraka: mtu anapaka solusheni na kubandika papo hapo ikiwa mbichi. Subiri dakika tatu hadi tano, mpaka ising'ae, ndipo ubandike na kukandamiza.

Mnyonga Pedali

Cheni mmeiruka. Lile vumbi jeupe likikutana na mafuta mazito linakuwa msasa. Tumia mafuta mepesi ya mazingira makavu au ya nta: tone moja kila kiungo kwa upande wa ndani, zungusha dakika moja, kisha futa mpaka nje iwe kavu. Fanya jioni ili asubuhi yawe yameshaingia.

Chuma cha Zamani

Kuna wanaotamani L'Eroica, msafara wa baiskeli za zamani wa Gaiole in Chianti, ulioanza 1997 na hufanyika mwanzoni mwa Oktoba. Masharti yake: baiskeli ya barabarani iliyotengenezwa hadi 1987, vishikizo vya gia kwenye bomba la chini la fremu, pedali za vikapu na mikanda, nyaya za breki zipite nje ya usukani. Njia yake ndefu ya kilomita 209 imewekewa vibao vya kahawia mwaka mzima, hivyo unaweza kuipita hata siku isiyo ya L'Eroica, kwa siku tatu au nne, na baiskeli yoyote.

Sasa jambo la kifundi ambalo halimo kwenye vipeperushi. Fremu nyingi za Kiitalia za enzi zile zina kitovu cha pedali cha mm 70, nyuzi za mm 36, na pande zote mbili nyuzi zinafungwa kwa kulia. Za Kiingereza, mfano wa baiskeli nyingi tulizozoea, zina mm 68 na kikombe cha upande wa cheni kinafungwa kwa kushoto. Sababu ni hii: beringi zinapozunguka ndani ya kikombe chenye mzigo, kikombe nacho kinasogea taratibu kinyume chake. Nyuzi za kushoto upande wa cheni zinafanya msogeo huo uwe wa kukaza. Kwenye Kiitalia, upande huohuo, unalegea. Basi baiskeli inaanza kulia "kwak, kwak" kila unapokanyaga, mtu analaumu pedali, anabadilisha pedali, mlio uko palepale.

Dawa: fungua, safisha nyuzi za fremu na za kikombe mpaka ziwe kavu, paka gundi ya nyuzi ile ya nguvu ya kati, kaza kwa nguvu zote kwa spana yenye mkono mrefu. Baada ya kilomita 50 kagua tena. Na usikubali muuzaji anayekuambia "hii ya Kiingereza itaingia tu". Itaingia kweli, na itapwaya, maana ni nyembamba kuliko tundu.

Ile mikanda ya pedali ilegeze kabla ya kuingia mjini. Mguu uliofungwa hautoki kwa kuvuta pembeni, na kwenye mawe ya mji unasimama ghafla kila dakika.

Lango la Fontebranda

Hapo kwenye mawe ya mji ndipo pangu. Kuingia Siena kwa njia ya mashindano ya Strade Bianche ni kupitia Porta Fontebranda, kisha Via Santa Caterina, asilimia 16, halafu unapinda kushuka hadi Piazza del Campo. Haifiki kilomita moja, lakini ni mawe bapa yaliyolainishwa na nyayo za watu. Weka gia ndogo nje ya lango, kabla lami haijaisha. Ukibadilisha gia katikati ya mpando huku umekanyaga kwa nguvu zote, cheni inaruka au inakatika, na nyuma yako kuna watu.

Yakilowa yale mawe ni sabuni. Shuka, tembea, lakini si kwa vile viatu vyenye kifungio cha plastiki chini, vinateleza kuliko tairi. Beba vifuniko vyake vya mpira mfukoni. Kwenye Campo lenyewe sukuma tu, watu wamekaa chini kila mahali. Na tarehe 2 Julai na 16 Agosti ni Palio, mbio za farasi. Uwanja unazungushiwa udongo siku kadhaa kabla. Usipange kupita na baiskeli.

Zainabu Mlaini

Chakula jamani, mbona hakuna anayesema? Maduka ya vijijini mengi yanafungwa saa saba mchana hadi saa tisa na nusu au kumi. Nunua kabla ya saa sita na nusu. Mikahawa ya jioni haipiki kabla ya saa moja na nusu. Bombani ukiona "non potabile" usinywe. "Potabile" jaza chupa zote mbili, maana kati ya Asciano na kijiji kinachofuata jua halina kivuli.

Mkate wa Toscana hautiwi chumvi. Kabisa. Anayetoka jasho kwa muda wa saa tano akala mkate mtupu na maji matupu, jioni misuli inaweza kukaza. Kula na jibini la kondoo, pecorino ya Pienza, lina chumvi ya kutosha. Kwa wasiokula nguruwe: prosciutto, salame na finocchiona zote ni nguruwe, na strutto ni mafuta yake, huingia kwenye baadhi ya vitu vya kuoka. Sema "senza maiale", na uulize strutto kwa jina lake.

Kulia Kushoto

Kwa ufupi. Wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda: kule ni mkono wa kulia, wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi hawana shida hiyo. Hatari yako haiko kwenye barabara yenye magari, iko asubuhi unapotoka nyumba ya wageni na barabara ni tupu. Breki pia: kwenye baiskeli za kukodi bara Ulaya, ya kushoto mara nyingi ndiyo ya mbele, kinyume na mazoea ya Kiingereza. Kamata moja moja ukiwa umesimama.

Nje ya mji sheria ya Italia inataka mwende mmoja nyuma ya mwingine. Usiku na kwenye mahandaki taa, na nje ya mji fulana ya kuakisi mwanga. Treni za mkoa zenye alama ya baiskeli zinachukua baiskeli nzima kwa tiketi ya nyongeza. Za kasi hazichukui mpaka uifungue na kuitia kwenye mfuko. Dharura ni 112.

Bukoba Mjini

Ahsanteni wakuu. La mwisho: mbwa?

Fundi Spoku

Mbwa weupe wakubwa wanaolinda kondoo, hasa Crete Senesi na Val d'Orcia. Usishindane nao mbio, wanachunga kundi na wewe unaonekana unalikimbilia. Shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, tembea polepole ukipita mbali na kondoo, usimkazie macho. Akiona unaondoka kwenye kundi anarudi mwenyewe. Panda ukiwa umeshapita kama mita mia.

Halafu mkuu, kama unakuja na baiskeli yako kwa ndege, nunua kishikizo cha deraila cha akiba kwenu kabisa. Kila fremu ina chake. Kikipinda kwenye boksi, duka la Siena linaweza kuwa na aina hamsini na wewe ukahitaji ya hamsini na moja.

Bukoba Mjini

Na pedali za kufungua kwa ajili ya boksi, zote zinafunguka upande mmoja?

Fundi Spoku

Hapana. Ya kulia kama skrubu ya kawaida. Ya kushoto nyuzi zake ni kinyume, fungua kwa kuzungusha upande wa mshale wa saa. Paka grisi kabla ya kurudisha, anza kwa vidole, spana baadaye. Ukianza na spana nyuzi za mkono wa aluminiamu zinaliwa, na hiyo haina kiraka.