Hivi uzi wa DNA unaosomwa ni upi, au zote mbili?

msomaji_wa_usiku: Wakuu naomba msaada nimekwama. Najua jeni ikinakiliwa kuwa RNA unatumika uzi mmoja tu, hapo sina shida. Sasa notisi zangu zinasema mmoja ni kiolezo na mwingine ni "wenye kodi" (coding, kodi ya maana ya msimbo), mi nikajua huo wenye kodi ndo unasomwa, kumbe sio?? Halafu ina maana kwenye kromosomu nzima uzi mmoja upo upo tu hauna kazi?

bibi_seli: Jina ndo limekuponza, na kwa kweli ni jina baya. RNA polimerasi (kimeng'enya kinachojenga RNA) inasoma kiolezo, inatoka 3' kwenda 5' (hayo ni majina ya ncha mbili za uzi), huku RNA inajengwa 5' kwenda 3'. Kiolezo kikiwa 3'-TACGGA-5' utapata RNA 5'-AUGCCU-3'. Sasa cheki ule uzi mwingine: 5'-ATGCCT-3'. Si ni ile ile RNA, ila T imekaa pa U? Chukulia muhuri, herufi zimechongwa kinyume, ukigonga kwenye karatasi ndo zinasomeka. Kiolezo ndo muhuri.

polimera77: Swali la pili hajakujibu. Hakuna uzi wa kudumu, kila jeni na lake. Kinachoamua ni promota, yaani kipande cha DNA ambapo polimerasi inatua kuanza kunakili, maana ina kichwa na mkia. Kwa bakteria kama E. coli promota nyingi zina kitu kinachofanana na TTGACA halafu mbele yake TATAAT, sigma (protini inayoiongoza polimerasi) inazishika kwa mpangilio huo, polimerasi inatua ikiwa imeshaelekea upande mmoja, na kwa vile haijui kujenga ila 5' kwenda 3' basi uzi wa kusoma unakuwa umeshajichagua wenyewe. Jeni ya jirani promota ikitazama kule, mambo yanageuka, kiolezo cha huku ndo wenye kodi wa kule. Mitokondria ya binadamu ina jeni 37, 28 zinahesabiwa uzi mzito na 9 uzi mwepesi (ndo majina ya nyuzi zake mbili).

msomaji_wa_usiku: Aaah kumbe! Kwa hiyo hata seli ikitaka kugawanyika inachagua uzi mmoja?

bibi_seli: Hapana bwana, hiyo ni DNA kujirudufu, hapo nyuzi zote mbili ni violezo na kimeng'enya chake ni kingine, DNA polimerasi. Usizichanganye hizo mbili.

polimera77: Na kwenye mtihani ukiandika RNA usiweke T, hapo ndo maksi zinapotea kizembe 😅